Siku mwenye shamba alipojaza debe kwa mkono wake: jinsi kilo ilivyoingia kwetu Ruiru

Wakuu, hamjambo.

Nimesoma ubishi wenu wa juzi, kama ploti ziuzwe kwa futi au kwa mita, mpaka macho yakaniuma. Vijana wa Juja na Kahawa Sukari mmetukanana kurasa nne nzima. Mmoja akasema watu wa zamani hawakuwa na maoni juu ya vipimo, walipokea tu walichopewa.

Kijana, mimi ni huyo mtu wa zamani. Nimepita miaka themanini na mitano, simu ninayo na miwani nimevaa. Haya niliyaona mwenyewe. Wengine waliokuwepo wamekufa karibu wote, kwa hiyo mkitaka shahidi mtanivumilia mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Majirani zetu Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa mashambani, na laini za wafanyakazi, zile safu za vyumba vya shamba, zikajaa sisi Wakamba kutoka ng'ambo ya Thika. Shamba letu la kahawa lilikuwa kati ya Ruiru na Juja. Jina lake naliacha.

Baba alikufa kwanza, mama akamfuata mwaka uliofuata. Mimi, Nduku, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu. Nyuma yangu walikuwa Mutua, Mwikali na Syombua, ambaye alikuwa bado analala na kidole mdomoni.

Mjomba Kioko alikuja kutoka Kangundo siku ya nne baada ya mazishi, akatugawa kama nyama ya mbuzi. Mutua akachunge ng'ombe wake. Mwikali aende kwa shangazi Kitui. Syombua apelekwe misheni. Mimi niolewe.

Nikamwambia, "Mjomba, sisi ni wanne na tutakula sufuria moja."

Akacheka. "Sufuria unayo. Nyumba je?"

Hapo alikuwa amenishika. Nyumba ilikuwa ya shamba. Chumba kimoja kwenye laini, cha yule mwenye tiketi ya kazi. Nikaomba nichukue tiketi ya mama. Mjomba akasema sawa, atarudi msimu wa kuchuma ukiisha, na akikuta nimefukuzwa atawachukua watoto bila maneno mengi.

Sasa sikilizeni sheria ya tiketi. Wakati wa kuchuma, kazi ya siku ilikuwa madebe matatu ya kahawa nyekundu. Ukifikisha, nyapara anaweka sahihi. Usipofikisha, siku hiyo imepotea. Siku sita zikipotea kwa mwezi, chumba kinapewa mwingine.

Na nyapara wetu aliitwa Muasya.

Muasya alikuwa na wake wawili na akaona anahitaji wa tatu, akaniona mimi. Nilimjibu mbele ya watu, jambo ambalo pengine halikuwa la busara: "Nina watoto watatu tayari. Sitaki wa nne mwenye ndevu."

Watu walicheka wiki nzima. Muasya hakucheka. Akaanza kutikisa.

Kwa wasiojua debe: ukimimina kahawa ikafika ukingoni, unadhani limejaa. Nyapara akilishika masikio mawili na kulitikisa, kahawa inashuka vidole vinne, unaongeza. Akilitikisa tena, unaongeza tena. Hakuna aliyeandika mahali popote debe litikiswe mara ngapi. Kwa rafiki zake Muasya alitikisa mara moja, tena kwa adabu, kama anayembembeleza mtoto. Langu alilitikisa mara saba. Halafu analipiga teke kidogo, analiinamia, anasema, "Nduku, mbona bado lina njaa?"

Nilikuwa nachuma madebe matatu na nusu kwenye mistari ya mibuni. Yakifika kwa Muasya yanakuwa mawili na robo tatu.

Mwezi huo siku nne zilikuwa zimeshapotea nilipokaribia katikati.

Ndipo akaja mkwe wa mwenye shamba. Mwenye shamba tulimwita Bwana Tumbaku, kwa sababu ulimsikia kwa pua kabla ya macho. Mkwe alikuwa amesimamia mashamba kwa Wabelgiji kule Kongo, akaja na mizani ya kuning'inia yenye uso kama saa na mshale mmoja. Akaifunga kwenye boriti pale kiwandani, akatukusanya.

"Debe hapana mzuri," akasema. "Leo iko hivi, kesho iko ingine. Sasa sisi napima kilo."

Bwana Tumbaku alikuwa amesimama nyuma yake na kiko mdomoni. Akasema kwa sauti ya kutosha sisi sote tusikie, "Mimi nakaa hapa kabla wewe nazaliwa. Debe ni debe."

Kuanzia siku ile mkwe akaitwa Bwana Kilo, na vita vikaanza. Kurasa zenu nne si kitu. Sisi tulibishana kwenye mistari, mtoni, kanisani. Wazee walisema ratili ilikuja na duka la Mhindi ikapunguza sukari, sasa kilo imekuja kumaliza iliyobaki. Bibi mmoja aliapa kwamba kitu kikipimwa uzito hukonda. Mwalimu wa kanisa aliulizwa Mungu anapendelea kipi, akasema ataliombea jambo hilo. Mpaka leo sijasikia jibu.

Mimi sikujua kilo ni nini. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba mshale wa mizani hauwezi kutaka mke wa tatu. Kwa hiyo nikasema waziwazi nataka kilo. Walinitukana vizuri sana. Sikubadilisha neno.

Bwana Kilo akatangaza atakavyofanya. Siku ya Jumatano atapima madebe kumi ya watu kumi. Uzito wa wastani atakaoupata, huo ndio utakuwa debe. Mara tatu yake ndiyo kazi ya siku, msimu wote.

Hapo ndipo watu wangu wakafanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungelifanya.

Walidhani ni mashindano.

Fikirini, wakuu. Miaka yote watu wale walijisifu kwa madebe, na debe la mtu na debe la mwenzake ni sawa machoni. Sasa kimekuja chombo kitakachosema nani ni nani. Jumatano asubuhi nilipita kwenye mfereji wa kiwanda nikakuta foleni. Wanawake kwa wanaume wanalowesha kahawa majini. Mama Ndunge, bingwa wetu wa kuchuma, mwanamke wa mabega kama mlango, alikuwa anachagua kokoto za kuweka chini ya debe.

Nikamwambia, "Mama Ndunge, uzito huu wa leo tutaubeba mpaka msimu uishe."

"Wewe beba wako," akanijibu. "Mimi nataka waandike jina langu."

"Watakaloandika ni kazi yako ya kesho."

"Nduku, uliacha shule darasa la tatu. Usituletee hesabu za darasa la nne."

Wote wakacheka, nami nikaondoka. Darasa la tatu ni kweli. Lakini nilikuwa nalisha watu watatu, na hiyo nayo ni shule.

Upimaji ukaanza. Debe la kwanza, kilo kumi na tano. La pili, kumi na sita. Watu wanapiga makofi. La Mama Ndunge likagonga kumi na saba na nusu, akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba amejifungua mapacha. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye pembe ya debe, tii, tii, tii. Bwana Kilo akauliza karani kwa nini kahawa inalia.

Karani akasema, "Umande, bwana."

Ilikuwa saa nne, na jua limetoka tangu saa moja.

Langu likaja la mwisho. Nilikuwa nimelijaza kahawa kavu, isiyogusa mfereji. Muasya akalitikisa mara saba kama kawaida yake, nyingine ikamwagika chini, likatundikwa hivyo hivyo. Kilo kumi. Kicheko kilichopigwa pale, nafikiri kilisikika Mugutha.

Bwana Kilo akapiga hesabu kwenye daftari, akainua kichwa. "Debe moja, kilo kumi na tano. Kazi ya siku, arobaini na tano."

Watu bado walikuwa wanapongezana. Mimi nilikuwa napiga hesabu yangu. Arobaini na tano, kahawa kavu, kwa mikono miwili, kila siku. Mama Ndunge mwenyewe asingefikisha kila siku bila mfereji. Na mimi zilibaki siku mbili tu, kisha Mutua kwa ng'ombe, Mwikali Kitui, na Syombua na kidole chake misheni.

Ningeweza kusema, bwana, mwaga yale madebe uone maji na kokoto. Nilifikiria. Lakini hao walikuwa majirani zangu. Mama Ndunge ndiye aliyemfunga mama yangu kidevu alipokufa. Nisingemwaga debe lake mbele ya mzungu.

Nikamwangalia Bwana Tumbaku. Alikuwa amenuna, anatafuna kiko. Mkwe alikuwa anamshinda shambani kwake.

Nikapita mbele. Nikasema, "Bwana mkubwa, debe ni lako. Wewe unalijua kuliko sisi. Jaza wewe moja, tuone debe la kweli ni lipi."

Muasya akanivuta kanga. "Rudi nyuma, wewe."

Lakini yule mzee alikuwa ameshatoa kiko mdomoni. "Huyu msichana iko na akili," akasema. "Lete debe."

Nikamwekea debe tupu na gunia langu la kahawa kavu. Akakunja mikono ya shati, akaanza kuchota kwa viganja. Wakuu, sijawahi kuona mtu akijaza debe kwa upole hivyo. Alijaza kama anayepakua wali kwa wageni. Ikafika ukingoni, akasawazisha kwa kiganja, akapangusa mikono. Kwake kazi imekwisha.

Muasya, kwa mazoea tu, akanyoosha mikono akashika masikio ya debe kulitikisa.

Bwana Tumbaku akampiga kofi mkononi. "Wacha debe yangu."

Hapo hata wale walionicheka walikaa chini kwa kucheka. Debe likatundikwa. Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili.

"Nasema nini?" Bwana Tumbaku akamwambia mkwewe. "Hiyo ndiyo debe."

Bwana Kilo akakata kumi na tano, akaandika kumi na mbili. Wakaondoka pamoja. Mmoja anaamini debe limeshinda, mwingine anaamini kilo imeshinda, nami sikuona sababu ya kuwasumbua.

Kazi ya siku ikawa kilo thelathini na sita. Siku hiyo hiyo Muasya alinitilia sahihi, na mkono wake ulikuwa mzito kama anayetia sahihi talaka. Akabaki kuwa mtu wa kusoma mshale. Wiki ya kwanza alijaribu kushikilia ndoano kwa kidole, lakini mshale ukicheza kila mtu anauona. Siku ya tano na ya sita hazikupotea.

Mama Ndunge hakunisemesha mwezi mzima. Nilikuwa nimemnyang'anya kumi na saba na nusu yake. Kisha siku moja alifikisha thelathini na sita kabla ya saa sita mchana, akaenda zake nyumbani kulala, na jioni akaniletea maharagwe. Maharagwe yalikuwa na chumvi nyingi, tuliyala yote.

Msimu ulipoisha Mjomba Kioko alirudi, amekuja na kamba ya kufungia mizigo ya watoto. Akatukuta wanne ndani, chai iko motoni. Akaomba tiketi, akaona sahihi zimejaa.

"Ulikuwa unachuma madebe mangapi?" akauliza.

"Siku hizi hatuhesabu madebe, mjomba. Kilo thelathini na sita."

Hakujua kilo ni kitu gani, na mjomba wangu hakuwa mtu wa kumuuliza mpwa wa kike. Akaitikia kwa kichwa polepole kama aliyekuwa anategemea jibu hilohilo. "Thelathini na sita," akasema. "Basi si mbaya." Akanywa vikombe viwili, akazungusha kamba yake mkononi, akashika njia ya Kangundo.

Tulikaa katika chumba kile miaka mingine mitano, sote wanne.

Funzo langu ni hili. Kipimo hakina ubaya wala uzuri. Debe liliniumiza, na kilo nusura initoe nyumbani. Wakikuletea kipimo kipya usikipinge wala usikishangilie, mwombe mkubwa akijaze yeye kwanza, mbele ya watu, kwa mikono yake.

Mliowahi kuchuma kahawa Ruiru, au kukata mkonge Thika, au wenye susu, yaani bibi, aliyefanya hivyo, niandikieni hapa chini nyapara wenu alikuwa na mchezo gani. Nasoma polepole lakini nasoma zote. Na mtakaobisha, bisheni kwa adabu. Muasya ana wajukuu, na wengine nahisi wako humu.