Mguu wa Firmin Uliokataa Kutulia

Mwaka 2000, vita vya Kongo vikikaribia kutimiza miaka miwili, Nsimire alikuwa muuguzi pekee katika kituo kidogo cha afya huko Bukavu. Risasi zikilia, alifunga dirisha na kuendelea kuhesabu mapigo ya moyo.

Siku moja ya mgomo, mji mzima umefungwa na daktari hana njia ya kufika, Firmin aliletwa kwa machela. Alikuwa karani wa chuo kikuu. Alitetemeka, jasho likimchuruzika, akiuliza nani amehamisha mlango.

"Maman Nsimire, wamemulisha karuho," mkewe Carine alisema. "Jana alikunywa pombe ya kasiksi kwa jirani, kwa Gaston. Vijana wameenda kumutafuta."

"Sumu itangojea. Amekunywa dawa gani?"

"Ile ya huzuni, ya kila siku. Na ya mugongo, tangu jana. Alianguka."

Dawa ya huzuni Firmin aliianza ndugu yake alipouawa. Ya mgongo ilikuwa tramadoli, dawa kali ya maumivu, iliyonunuliwa sokoni. Alikuwa amemeza vidonge vitatu kwa mkupuo.

Damu haikuwa na malaria. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka. Nsimire akausukuma wayo juu kwa ghafla, na mguu ukaanza kurukaruka wenyewe, ukakataa kutulia. Hilo aliwahi kulisoma: dawa hizo mbili zikikutana, serotonini, kemikali ya ubongo, huzidi mno na mwili huchemka.

"Hapana karuho," alisema. "Iko dawa mbili. Zote tunaacha. Joviale, kimbia, ambia vijana wamuache Gaston."

Joviale, mfagiaji wa kituo, akakimbia. Nsimire akamchoma Firmin diazepamu ya kutuliza misuli, akamwekea serumu mshipani, akamvua shati na kumpangusa kwa maji baridi. Ilibaki siproheptadini, dawa ya kuizuia serotonini, ambayo kituo hakikuwa nayo. Mjini, wanawake waliimeza ili wanenepe. Joviale aliporudi, Nsimire alimtazama; alikuwa amenawiri sana tangu Pasaka.

"Joviale, vile vidonge vyako."

"Vidonge gani?"

"Joviale."

Vikaletwa. Firmin alipotulia kiasi cha kumeza, Nsimire alisaga vitatu na kumnywesha.

Kufikia jioni joto lilishuka na mguu ukanyamaza. Firmin aliomba ugali, kisha akaomba tena. Carine alimpelekea Gaston sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani, kumwomba radhi. Gaston alishukuru, akamwomba aonje kwanza.

Daktari alifika siku ya tatu. Aliisoma karatasi ya mgonjwa mara mbili, akatia sahihi chini ya jina la Nsimire.