Kisu yangu ya kukunja na muzungu wa pamba

Ndugu zangu, leo nimeinamisha muzungu mbele ya watu!

Tulikuwa soko ya pamba, kule Wamaza. Nakata kamba ya gunia na kisu yangu ya kukunja, ile baba alinitengenezea nikiwa mutoto.

Muzungu wa pamba, yule mununuzi, akaitaka aione. Nikaiweka chini, akaiokota. Akaikunja, akaikunjua, akacheka kabisa.

Kisha akanirudishia mukononi.

Na munajua, kwetu kisu haipokelewi mukononi. Inaleta ugomvi.

Mudomo ukanitangulia: "Weka chini, bwana."

Polisi wa soko akashika fimbo.

Muzungu akaniangalia... akainama, akaiweka chini.

Tangu pale situlii. Gari ikilia, natoka kuangalia kama wanakuja kunikamata. Nilikimbia ugomvi ya kisu, labda nimeita ya muzungu.

Semeni ukweli, ninyi mungeipokea?