Kifurushi Kikubwa na Mbegu za Baba Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia kichwani naacha ninachokifanya, nacheka peke yangu, halafu naona aibu upya kama vile imetokea asubuhi hii. Ni siku niliyosimama mbele ya televisheni yangu mwenyewe, kidole kwenye kioo, nikikitafuta kijiji cha baba mkwe wangu na nisikione.

Nakusimulia, wewe kijana wa jirani, kwa sababu juzi uliniomba nikuchagulie kifurushi cha king'amuzi chako kipya. Ukaniambia unakitaka kile kikubwa, chenye chaneli zote, "ili nyumba ionekane nyumba". Niliitikia tu "mh". Sasa ngoja nikujibu sawasawa, na unisamehe nikizunguka kidogo, maana mzunguko wenyewe ndiyo jibu.

Nilichelewa kuoa. Nilikuwa fundi cherehani hapa Kawajense, nashona sare za shule na magauni ya kwaya, na miaka thelathini na kitu ilikuwa imenikuta bado nakula kwa mama ntilie. Nilipompata Paskalia, binti wa Kibaoni, kwao hawakunipokea kwa vigelegele. Wao ni Wapimbwe, wakulima wenye mashamba yao tangu mababu. Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wangu walitoka Burundi bila hata sufuria. Baba yake hakunitukana, hapana. Aliuliza swali moja tu mbele ya washenga: "Huyu fundi, ukiacha hiyo cherehani, ana nini kingine?" Binti nilipewa, lakini lile swali nililibeba mpaka nyumbani na nikalala nalo miezi mingi.

Basi nilipopata hela ya tenda ya sare, sikununua kabati wala godoro jipya. Nilinunua televisheni, nikafunga ungo juu ya bati, nikalipia kifurushi kikubwa kuliko vyote. Chaneli mia na ushee! Zilikuwepo za mapishi ya vyakula nisivyovijua, za mnada wa farasi, na moja ya watu wanaoteleza kwenye barafu mchana kutwa. Mke wangu aliniuliza tutazitazama lini zote hizo. Nikamwambia asiwe na mawazo ya kijijini.

Ukweli, mwanangu, ni kwamba nilikuwa natazama chaneli moja. Saa kumi jioni kulikuwa na tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya binti aliyeibwa hospitalini siku aliyozaliwa, akalelewa na mpishi. Nilikuwa nafunga kibanda mapema kwa ajili ya yule binti. Nilikuwa nalia! Lakini akipita mtu dirishani tu, nabonyeza rimoti haraka, naweka habari za dunia kwa Kiingereza, natikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na jambo zito. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nilijua siku za wiki, rangi, wanyama wa kufugwa, na maneno mawili matatu ya hali ya hewa.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuja kumlea mzazi. Wewe umekua nyakati nyingine, huenda hujaona: kwa mila ya kwao mama mkwe wangu hakai sebule moja na mimi, wala hanitazami usoni, na akiwa na neno kwangu anampa binti yake alilete. Kwa hiyo alikaa koridoni, nyuma ya pazia, na mjukuu mapajani. Nikamhurumia kwamba anakosa televisheni. Sikujiuliza kwa nini kila ikifika saa kumi yule mtoto ananyamazishwa haraka sana.

Mwezi wa kumi baba mkwe naye akaja kumwona mjukuu. Akaketi kwenye kochi, mikono juu ya fimbo, akatazama kile kioo kwa heshima. Mimi, bila shaka, nikaweka habari za dunia.

"Wanasemaje hao?" akauliza.

Mtu mwenye akili angesema, "Baba, mimi sielewi." Mimi nikaanza kutafsiri. Mzungu mmoja mwenye tai alikuwa anafoka, nikasema amechukizwa na bei ya mafuta. Wakaonyesha daraja, nikasema limejengwa chini ya kiwango. Mzee anaitikia tu, "Ehee! Kumbe!" Na kila akisema "kumbe" mimi naongezeka urefu. Miezi yote ile nilikuwa nasubiri anitazame hivyo, nikaona bora niendelee.

Halafu ikaja ramani ya hali ya hewa. Mawingu ya bluu yakajaa kioo. Baba mkwe akasogea mbele mpaka ukingoni mwa kochi, maana hapo tumefika kwenye kazi yake.

"Hayo mawingu yanakuja kwetu?"

Nikasikia yule dada mtangazaji anasema mvua. Nikasikia anasema Jumatano. Hayo maneno mawili niliyajua kabisa, na mtu asiyejua lugha akishaelewa maneno mawili anaweza kuwa hatari.

"Yanakuja, baba. Jumatano. Mvua kubwa."

"Una hakika?"

"Hawa huwa hawakosei."

Mzee akasimama. Alikuwa amepanga kukaa siku nne, lakini akaaga saa ileile, akasema mbegu zake za mahindi zipo tayari na anataka zilale ardhini kabla ya Jumatano, apate kuwatangulia wenzake. Paskalia akanivuta jikoni. "Baba Yohana, una uhakika na ulichosema?" Nikamwambia amwache baba yake aende na maendeleo. Lakini moyoni nilijua sina hakika. Stendi haikuwa mbali, ningeweza kumkimbilia. Sikumkimbilia, na hapo ndipo penye kosa langu hasa, kuliko hata ule uongo.

Jumatano nilitoka mbele ya kibanda nikatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, safi, kama shuka limefuliwa. Alhamisi hivyohivyo. Wateja walidhani namwangalia mtu kwenye mnara wa simu, na wawili wakasimama kumtafuta pamoja nami. Niliomba wingu, mwanangu, hata lile la kunyesha kwa jirani tu. Wiki ikapita, na vumbi la Kawajense likazidi kuingia kwenye vitambaa vya watu.

Siku ya kumi na mbili baba mkwe alirudi. Hakufoka. Alisalimia, akauliza hali ya mjukuu, akafungua kitambaa chake juu ya meza. Ndani mlikuwa na punje kumi na kitu za mahindi, zimetobolewa na mchwa, nyingine zimekauka kama zimekaangwa. Akasema hizo ndizo alizozikuta alipofukua, nyingine wamekula kware. Hakuwa na mbegu nyingine ndani. Na alikuwa amewatangazia wenzake kijijini kwamba mkwe wake wa mjini anaiona mvua kabla haijafika, kwa hiyo sasa akipita njiani watoto wanamuuliza mvua ni saa ngapi.

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akasema kwa upole kabisa, "Washa."

Nikawasha. Kwa bahati yangu mbaya ilikuwa saa ya ramani.

"Sasa, mkwe, nionyeshe Kibaoni."

Nikasimama. Nikaweka kidole kwenye kioo. Nikakipeleka kushoto, nikakipeleka kulia, nikasema, "Kibaoni, baba... Kibaoni ipo maeneo ya hapa." Kidole kilikuwa katikati ya bahari.

Paskalia, aliyefika kidato cha nne na kuipenda jiografia, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alivumilia, akashindwa. "Baba, hiyo ramani siyo ya kwetu. Hiyo ni Ulaya."

Baba mkwe aliitazama ramani kwa muda, kisha akanitazama mimi. "Kumbe mvua ilinyesha," akasema. "Ila imenyeshea mashamba ya wenzetu."

Nikapiga magoti, mwanangu. Nikamwambia yote: kwamba sijui Kiingereza, kwamba yule mwenye tai sijui hata alikuwa na hasira ya nini, kwamba nililipia chaneli zote zile kwa sababu ya swali alilowauliza washenga. Aliniacha nimalize. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa nashona nayasikia.

"Mkwe, nilikupa binti nikijua wewe ni fundi wa nguo. Niliuliza una nini kingine ili nijue kama una shamba, nikugawie kipande. Sikuuliza Kizungu. Mimi kushona sijui. Umewahi kunisikia nasema najua? Ungeniambia hujui, mbegu zangu zingekuwepo, na heshima yako pia."

Nililia, na sioni haya kukwambia. Miezi yote niliyoumia, yule mzee alikuwa anataka kunipa shamba!

Mzee akaigeukia televisheni, akauliza, "Humo ndani zipo ngapi?"

"Mia na kitu, baba."

"Na unazozitazama?"

"Moja."

"Ipi?"

Nikatazama chini. Nikasema ni tamthilia, ile ya binti aliyeibwa hospitalini, ya saa kumi. Nilisema taratibu mno hata akaniomba nirudie. Nikarudia. Ndipo nyuma ya pazia tukasikia mtu anakohoa, na sauti ya mama mkwe, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda vile, ikasema, "Paskalia, mwambie mwenzio anaweza kutoa zote, ila hiyo asiitoe. Leo binti anaonyeshwa mama yake."

Baba mkwe alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Paskalia akacheka, mtoto akashtuka akalia, na mimi nikacheka nikiwa bado nimepiga magoti. Saa kumi ilipofika tulitazama wote, wa sebuleni tukiwa sebuleni na wa koridoni koridoni. Mzee alimchukia yule daktari aliyemwiba binti kuliko sisi sote.

Kesho yake nilikwenda kwa wakala, nikamwambia anishushe kwenye kifurushi cha mwisho kabisa, chenye hiyo chaneli yangu. Akaniuliza kama nimefilisika. Nikamjibu kwamba nimepona. Hela ya kile kikubwa ikanunua mbegu, nikafunga kibanda wiki nzima, nikaenda Kibaoni kuzipanda kwa mkono wangu, mvua ilipokuja kwa wakati wake yenyewe. Viganja vya fundi cherehani havikuzoea jembe, vilitoa malengelenge, na wale watoto wa kijijini waliniuliza mvua ni saa ngapi kila walipopita. Niliwajibu kila mara kwamba sijui.

Sasa wewe, mwanangu. Siku hizi mmerahisishiwa: unaitaka chaneli moja, unailipia hiyohiyo kwenye simu, hata kwa wiki, na usipoitaka unaiacha. Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kaa na mwenzako, mzime kila kitu, muulizane bila kuoneana aibu: sisi hasa tunatazama nini? Kama ni mpira, lipieni mpira. Kama ni tamthilia, lipieni tamthilia, na mlie wazi pazia likiwa limefunguliwa. Msilipie kitu ili mgeni akione. Na mgeni akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui. Aibu yake inapita upesi, lakini mtu akishapanda kwa neno lako, huwezi kumfukulia.

Na ukishasema uongo, mkimbilie uliyemdanganya kabla hajapanda basi. Hata kama umevaa kandambili, kimbia.

Mungu akubariki wewe na mwenzako. Akupe kazi ya mikono isiyokauka, akupe wakwe wenye subira kama wangu, na akujalie uwe mtu ambaye neno lake likitoka mdomoni, mkulima anaweza kushika jembe na asijute. Amina.