Firigisi ya Alhamisi ya Nne

Jirani yangu Jairus Wekoye hajawahi kupanda ndege, lakini sikukuu za Wamarekani anazijua kuliko zetu. Muulize Mashujaa Dei iko lini, atakuna kichwa. Muulize Thanksgiving, ile siku yao ya kushukuru, atakujibu papo hapo: Alhamisi ya nne ya Novemba. Hapa Ndalu tunaiita Sikukuu ya Jairus, na mimi, mwalimu mstaafu nisiyejua kukataa mwaliko wa chakula, sijaikosa hata mwaka mmoja.

Aliitoa Kitale, alikokuwa mpishi wa mume na mke Wamarekani waliofundisha kilimo. Nyumba ile ilikuwa na sikukuu kedekede. Tarehe nne Julai, siku ya uhuru wao, Bwana Walter alilipua fataki uani, na mbwa wa jirani akatafutwa siku tatu mpaka Saboti. Siku ya wafanyakazi waliiadhimisha Septemba, wakati sisi tumeshaisahau ya Mei. Lakini iliyomshika Jairus ni ile ya Novemba.

Mwaka wa kwanza, 1988, Madamu Ruth alimkabidhi bata mzinga, akamwambia firigisi aikatekate iingie kwenye mchuzi wa kila mtu. Sasa, mwambie Mbukusu akatekate firigisi. Kwetu kipande hicho ni cha mwenye nyumba, na mke anayekipoteza ana kesi ya kujibu. Jairus aliona mama wa watu anajitafutia balaa, akaamua kumwokoa. Aliichemsha nzima, akaiweka peke yake kwenye sahani nzuri mbele ya Bwana Walter, akasimama pembeni akisubiri kusifiwa. Wenyewe wakatazamana. Madamu Ruth alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akavuta kiti na kumwambia Jairus aketi nao.

Wakaanza kushukuru mmoja mmoja, kila mtu jambo lake, maana ndiyo desturi. Bwana Walter akasimulia ilikotoka: wageni walivuka bahari kutoka Uingereza, baridi ikawaua karibu nusu, wenyeji wakawaonyesha kupanda mahindi, na baada ya mavuno wakala pamoja. Miaka mingi baadaye, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Lincoln akaitangaza kuwa siku ya taifa zima.

"Na wale wenyeji, mashamba yao yalienda wapi?" Jairus akauliza. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi wa kizungu hapo hapo Trans-Nzoia, kwa hivyo halikuwa swali la bure.

Bwana Walter aliweka uma chini. "Walinyang'anywa," akasema. Jairus husema ndipo alipompenda yule mtu.

Wamarekani walipoondoka, alirudi Ndalu na desturi yao. Oveni hakuwa nayo. Yeye na mkewe Nanyama walimwoka bata mzinga kwenye sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Zamu ya Nanyama ya kushukuru ilipofika, kila mwaka alisema neno lile lile: "Nashukuru huyu mzee amejifunza kuingia jikoni." Na kila mwaka tulicheka kana kwamba ni jipya.

Kulikuwa na siri ambayo Jairus aliniambia mimi peke yangu. Kila mwaka, kabla ya kuketi mezani, aliikata firigisi vipande viwili na kumpelekea Nanyama nusu jikoni. Hakutaka wazee wenzake wajue.

Nanyama alituacha Aprili mwaka huu. Ilipofika Oktoba, Jairus akaniambia sikukuu imekwisha. "Mwalimu, hiyo siku ilikuwa ya sisi wawili. Nimeifunga." Nilikasirika, sifichi. Nilimpenda Nanyama kama dada yangu, na niliona siku ile ikifa tutakuwa tumemzika mara ya pili.

Aliyemshinda ni bintiye Nakhungu, karani katika ofisi moja Bungoma. Alhamisi ya nne asubuhi alishuka kwenye bodaboda amempakata bata mzinga, na mfukoni ana paketi ya viungo kutoka duka la Kamla huko mjini, ambako Jairus alivinunua kila Novemba.

"Kamla anauliza mbona mzee hajakuja kuchukua viungo vyake," alisema. "Si uniambie nimjibu nini, Baba?"

Jairus alimpokea bata mzinga. Alivua koti akaenda kuwasha makaa.

Mchana tulikuwa watu sita mezani. Jairus aliikata firigisi vipande viwili kwa mazoea, akasahau hata kuwaficha wazee, akainuka na nusu moja kuelekea jikoni. Alipofika mlangoni akasimama. Jikoni hakukuwa na mtu. Mimi nilitazama ugali wangu, sikuweza kumtazama yeye.

"Baba, lete tu hapa," Nakhungu akasema polepole. "Hiyo nusu ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Mama hakuwa anakula. Tangu nikiwa mdogo, ukitoka tu jikoni alikuwa ananipa mimi. Hata mwaka jana. Ati nisikuambie, juu ulikuwa unafurahi sana ukimletea."

Jairus alirudi, akaiweka ile nusu kwenye sahani ya bintiye mbele yetu wote. Wazee wawili waliokuwepo waliendelea kula. Akaketi.

"Nashukuru," alisema, "Nanyama alinidanganya miaka yote hiyo."

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Nanyama. Nakhungu akamaliza kutafuna, akafuta mdomo.

"Nashukuru huyu mzee amejifunza kuingia jikoni," akasema.