Mnyoo Mkubwa kwa Mdomo Mdogo

Mwanangu, tangu uniambie kwamba viza yako ya kwenda kuuguza Doha imetoka, kuna siku moja inanirudia hata nikiwa nachambua mboga. Ni Alhamisi alasiri, mwezi wa pili, nami nimesimama kando ya bahari upande wa kisiwa cha Pearl, mikono kichwani. Mzee niliyepewa kumtunza ametoka kutupa droo nzima ya chambo majini, na sasa analia kama mtoto. Nilikuwa nesi wa miaka ishirini na saba. Sijapata kushtuka vile tena maishani. Kaa nikusimulie, maana wewe nawe ni mjuaji kama nilivyokuwa mimi.

Mzee mwenyewe walimwita Bu Salim, yaani baba yake Salim. Ujanani alikuwa mvuvi, kabla majumba marefu hayajaota mjini kwao. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia na karibu maneno yote. Binti yake, Madam Nura, ndiye aliyeniajiri, na aliniambia siku ya kwanza kwamba dawa ya baba yake ni bahari. Basi kila alasiri dereva alitushusha pale, mimi nasukuma kiti cha magurudumu, mzee amepakata fimbo yake ya kuvulia.

Chambo chetu kilikuwa cha ajabu. Mjukuu wake aliyesoma Amerika alimtumia sanduku la droo tatu lililojaa minyoo ya plastiki, laini kama ndewe ya sikio. Droo ya juu ilikuwa na minyoo mirefu kama kiganja, ya kati ilikuwa na ya kidole, na ya chini kabisa ilikuwa na vijinyoo vifupi kuliko njiti ya kiberiti. Hivyo vya chini mimi niliviona mchezo wa watoto.

Mimi ni mtu wa Homa Bay, unajua. Baba yangu alivua mbuta ziwani, na mbuta akishiba anaweza kumshinda mtu mzima kwa uzito. Baba alikuwa akisema samaki wa maana haamki kwa kitu kidogo. Kwa hiyo kila siku nilifungua droo ya juu, nikachagua mnyoo mrefu wa zambarau, nikamwonyesha mzee kabla ya kuufunga. Naye aliutazama, akabana kidole gumba na cha shahada pamoja, akasema neno moja.

"Safi."

Weee! Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kiswahili nilipata A shuleni, na watu walikuwa wameniambia Kiswahili na Kiarabu ni ndugu. Kumbe nimetua Doha na Kiarabu tayari ninacho! Jioni niliandika kwenye daftari la mgonjwa, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba mzee amesema ni vizuri, amefurahi. Madam Nura alisoma akatabasamu. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi nilivuma wiki sita.

Katika wiki hizo zote hatukupata hata dagaa. Mnyoo ulirudi mkia umetafunwa, umekatwa vijipande vidogo vidogo pembeni, nikadhani ni mawe. Mzee aliuinua ule mkia mbele ya macho yangu, akabana vile vidole, "Safi. Safi." Nami nikamjibu, "Safi sana, Baba!" kisha nikafunga mnyoo mrefu zaidi. Akikunja uso nilimgeuzia kiti, nikidhani ni jua.

Ndipo ikafika ile Alhamisi. Nilimtolea mnyoo mrefu kuliko yote. Akautazama, akanitazama mimi, akaichomoa droo ya juu kwa mkono wake mmoja mzima na kuitupa baharini. Minyoo ikaelea ya rangi zote. Machozi yakamtoka, na katikati ya kilio anasema, "Safi, safi, safi."

Niliogopa kweli. Nikaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa analia huku akisema ni vizuri, huenda akili imeanza kumtoka. Madam Nura alisoma, rangi ikambadilika, akampigia daktari. Daktari akasema atamwona Jumapili, amwongezee dawa ya kumtuliza, na tangu siku hiyo safari za baharini zisimame. Nami nikajiona nimefanya kazi yangu barabara. Nyani haoni kundule.

Nilishuka jikoni kula. Mpishi wa nyumba ile alikuwa Da Mwanaisha, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa Doha miaka kumi na minane. Nilimweleza yote, naye akaniacha nimalize.

"Alisema vizuri kwa neno gani?" akauliza.

"Safi."

"Neno lenyewe ndilo hilo? Safi?"

"Ndilo, Da. Kila siku."

Mwiko ulimtoka mkononi. "Ole wangu! Safi kwa Waarabu wa huku ni samaki! Ndiye tasi wetu wa pwani, na tasi mdomo wake ni kitu gani? Haupiti hata ukucha. Mzee wa watu akwambia ataka tasi, nawe wamtilia chambo cha kumnasa papa?"

Nilikaa chini sakafuni. Vile vidole vilivyobanwa havikuwa sifa. Vilikuwa mdomo wa samaki. Ule mkia uliotafunwa ulikuwa ushahidi, amekuwa akinionyesha kwamba samaki wake wapo pale pale chini, wanadonoa na hawawezi kumeza. Mtu mzima amebakiwa na maneno ya kuhesabu, analitumia moja kuomba kitu kimoja, na mimi nesi wake nampigia makofi. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya na bahari yenyewe.

Nilimwambia Da Mwanaisha nimekwisha. Hakunibembeleza. "Neno la mgonjwa ni lake, mwanangu. Ukiliandika, liandike alivyolisema, si ulivyolipenda wewe. Ungaliandika 'safi' siku ya kwanza, Nura angalicheka na mambo yakaisha. Haya, inuka umwendee, nami nitakungoja hapa hapa."

Nilipanda ngazi. Nilipomtajia Madam Nura lile neno, alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba walipokuwa wadogo baba yao aliwavulia safi kila Ijumaa. Nilingoja anifukuze. Badala yake aliuliza kama ile droo ya chini bado ipo.

Kesho yake, Ijumaa, tulikwenda naye. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka droo ya mwisho. Safari hii sikuchagua. Nilimwekea mzee vijinyoo kiganjani, kimoja kimoja, nikasubiri. Akatikisa kichwa. Nikatwaa mkasi wangu wa plasta, nikakata nusu. Akatikisa kichwa. Nikakata tena, mpaka kikabaki kama punje ya mchele, juu ya ndoana ambayo ningeidharau hata kwa kushonea kifungo. Akaitikia.

Haikupita muda fimbo ikatingishika. Mzee akavuta kwa mkono mmoja, Madam Nura akampokea samaki kwa kitambaa, maana tasi ana miiba yenye sumu. Alikuwa mdogo, wa kahawia, si wa kumpigia mtu picha. Bu Salim alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Zein."

Nilikuwa nimeshaonja adabu. "Madam," nikauliza haraka, "zein naye ni samaki gani?"

Alicheka huku analia. Akanieleza kwamba zein si samaki. Maana yake ni vizuri.

Mwanangu, neno la kawaida kama lile, na katika wiki zote nilizomwandikia kwamba amefurahi, hakuwa amenitamkia hata mara moja.

Basi beba haya pamoja na vyeti vyako. Chambo hupimwa kwa mdomo wa samaki, hakipimwi kwa sifa za mvuvi wala kwa ziwa alilozaliwa kando yake. Mtu naye ni hivyo hivyo: usimpe msaada wa kipimo chako halafu ukamshangaa hatabasamu. Neno ukilidhani unalijua, uliza. Kuuliza kutakuaibisha kidogo. Kutouliza kulitaka kumzika mzee wa watu ndani ya nyumba na vidonge vya usingizi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kule ugenini, akupe mkono mwepesi na sikio pana kuliko ulimi. Na kabla hujarudi nyumbani, mgonjwa wako mmoja akutazame machoni, bila kuombwa, akwambie zein.