Safari ya Kibondo Kutafuta Msamba

Nilifunga safari ya Kibondo kwa sababu ya mguu wangu wa kushoto. Katika pambano moja la karate mjini Kigoma niliteleza, nikajikuta nimepiga msamba bila kutaka, na msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Daktari alinitibu mpaka akaridhika, akaniruhusu kurudi ulingoni. Lakini kila nilipopandisha teke, mwili uligoma. Mimi ni mwalimu wa sekondari Kasulu, mwenyeji wa Singida, na jioni nafundisha wasichana karate. Nilikuwa nawaagiza warushe mateke ambayo mwenyewe sithubutu kuyarusha. Shule zilipofungwa nikampigia simu Dada Zuhura, muuza vitenge wa sokoni Kibondo, mpiganaji niliyemheshimu tangu zamani, ambaye sasa ana klabu yake.

"Njoo," alisema. "Usilete dawa ya kuchua. Lete viatu vya kukimbilia."

Asubuhi ya kuondoka Kasulu ilikuwa na ukungu, na basi lilitoka nusu tupu. Tulipofika Makere, abiria wakashuka kununua ndizi. Mimi nikaweka kisigino kwenye ngazi ya basi na kuuvuta mguu hadi machozi yakanilenga. Ndivyo nilivyofanya kila siku tangu nipone, nikiamini kwamba ukaidi wa msuli dawa yake ni kuulazimisha.

Mama muuza ndizi alinitazama kwa huruma. "Dada, huo mguu umekukosea nini?"

Abiria walicheka, nami nikacheka. Nikanunua ndizi zake na kurudi kwenye kiti.

Mchana, Kibondo. Zuhura alinipokea kwa lafudhi yake ya Pangani ambayo miaka ya milimani haijaifuta. Ni mfupi, mabega mapana, ushungi umefungwa barabara. Baada ya chakula alinipeleka klabuni, ghala la zamani la mahindi lenye sakafu ya saruji na magodoro machache. Akaniambia nilale chali, kisha akauinua mguu wangu wa kushoto taratibu kwa mikono yake. Ukapanda, ukapanda, mpaka nikashangaa.

"Unauma?"

"Hapana."

"Sasa nauachia. Ushikilie hapo hapo mwenyewe."

Akauachia. Mguu ukaanguka kama gogo.

"Umeona, Mwalimu? Nyonga iko wazi. Nguvu ndiyo haipo. Mwili haukuruhusu uende mahali ambapo haujui utarudije."

Siku zilizofuata hatukuvuta kitu kabla ya jasho kutoka. Tulikimbia kwanza, tukapasha viungo joto, ndipo kazi ikaanza: kushika nguzo na kupandisha teke polepole, kulisimamisha juu bila msaada, kulishusha polepole vile vile. Kuchuchumaa mpaka chini na mfuko wa mahindi kifuani. Zoezi lililonitesa zaidi lilikuwa la matambara. Unakanyaga tambara moja kwa kila mguu, unaiacha miguu itelezee mbali sakafuni, halafu unaivuta irudi kwa nguvu za mapaja peke yake. Jioni, hata kukaa kwenye kigoda kulihitaji maombi.

Katikati ya wiki tulikwenda Murungu, kwenye shamba la Shemeji Bukuru, kaka wa mume wake Zuhura. Alikuwa anavuna muhogo, na Zuhura akaona tupate mazoezi na chakula kwa pamoja. Nilijitwika kikapu nikataka kupanda kilima kwa mbio, nimalize.

"Buhoro buhoro, Mwalimu," Bukuru akaniita kwa Kiha chake. "Kilima hakihami."

Nikapunguza. Zuhura akanionyesha mawe ya njiani: mguu wa kushoto juu ya jiwe, usukume mpaka usimame wima, bila kujirusha na wa kulia. Jiwe baada ya jiwe. Karibu na kilele niliusikia msuli ule ule uliochanika ukifanya kazi yake bila kulalamika, nikapiga kelele ya furaha. Bukuru akadhani nimekanyaga nyoka.

Jumamosi klabu ya Kakonko ilikuja kwa mapambano ya kirafiki. Nilipangiwa Joselina, muuguzi mrefu mwenye mikono myepesi. Alitangulia kwa pointi. Kisha akaufagia mguu wangu wa kulia, na wa kushoto ukateleza mbele. Nikashuka msamba mzima, kama siku ile ya Kigoma. Nilisubiri maumivu.

Hayakuja. Nikasikia sauti ya Zuhura: "Vuta!"

Nikakandamiza visigino sakafuni, nikaivuta miguu, nikainuka. Joselina alikuwa ameshashusha mikono akiamini nimeumia. Teke langu la kushoto likapanda na kugusa kofia yake ya kinga, jepesi kama kofi la salamu. Mwamuzi akanipa pointi.

Mwishowe Joselina alinishinda kidogo tu. Tulipoinamiana alininong'oneza, "Nilidhani nimekuvunja."

"Hata mimi," nikamjibu.

Jumapili nilirudi Kasulu, nimelala karibu njia yote. Nilikuwa nimejifunza kwamba kufika chini si kazi. Mvuto wa ardhi utakufikisha. Kazi ni kuwa na nguvu za kuondoka huko, na nguvu hizo hujengwa pale pale mwili unapoogopa, polepole, ukiwa na joto.

Jioni ya kwanza ya mazoezi baada ya shule kufunguliwa, Anitha, mwanafunzi wangu mwenye pupa kuliko wote, alikaa msamba nusu, akaniita nimkandamize mabega afike chini.

"Sikukandamizi," nilimwambia. "Ondoa mikono sakafuni. Haya, simama."

Akacheka, akajaribu, akakwama, akaacha kucheka. Kisha mapaja yakaanza kumtetemeka, na polepole, bila kushikwa na mtu, akaanza kuinuka.