Ukuta wa Majaji

Jirani yangu hapa Columbia Heights aliwahi kushindana katika wushu, mchezo wa Kichina wa kupigana na kuruka, yeye kwa upanga, akiwa na timu ya taifa ya Vietnam mpaka goti lilipoumia likamtoa. Kwa desturi ya kwao huniita mdogo wake, nami humwita dada. Binti yake hakuwahi kumwona akiruka. Alizaliwa hapa Minnesota, na mama anayemjua ni yule wa kuchemsha supu na kukwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Jumamosi moja, katika ukumbi anaofundishia watoto, dada alivua koti, akashika upanga, akasema ataruka mara moja tu, binti yake aone.

"Na goti?" nikauliza.

"Sijaliuliza, mdogo wangu."

Akakimbia juu ya zulia la mazoezi, akapaa, akajizungusha hewani, upanga ukimfuata kama utepe. Alipotua aliyumba kidogo, kisha akasimama wima. Akageukia ukuta wa kushoto na kutulia, kama mtu anayengoja kuitwa. Ukutani kulikuwa na makoti yetu tu, na mabuti chini yake.

"Mama, unamtazama nani?"

"Majaji," akajibu, akaanza kucheka. "Siku zote walikaa upande huo."

Binti akaenda, akasogeza mabuti, akaketi chini ya makoti, mgongo umenyooka.

"Niliyumba," mama akamwambia. "Ukate alama."

"Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Sikuona. Rudia."

Dada akalipapasa goti, akanikonyeza, akarudi mwanzo wa zulia.